Nilikuwa Ghorofani, Mikono Yangu Ikabaki Bugembe

Kwanza kabisa, sikumbeba mama mkwe wangu mgongoni, wala yeye hakunibeba. Nalisema hili mapema kwa sababu mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye hakuwepo Bugembe, nyumbani kwa wakwe zangu, Jumapili ile na ambaye ushahidi wake wote ni video ya sekunde 40 iliyopigwa na mtu aliyekuwa akicheka, amekwisha kuwasimulia watu wa chumba cha walimu, watu wa kibanda cha chapati kilicho langoni kwetu, na nadhani nusu ya mji wa Jinja, kwamba nilimrukia mama wa watu kama mtoto wa nyani. Video haionyeshi hivyo. Video inaonyesha mambo mabaya zaidi, na ndiyo maana nimeona afadhali niyasimulie mwenyewe kwa mpangilio wake, wakati magoti bado yananiuma na aibu haijapoa.

Ninyi mnaonisoma tangu zamani mnakumbuka kwamba mwezi uliopita tu niliandika makala ndefu yenye kichwa "Mwili ni Koti". Msijisumbue kuitafuta, nimekwisha kuifuta. Humo nilidai, kwa ujasiri wa mtu aliyekaa kwenye kiti imara, kwamba teknolojia imekwisha kututenganisha na miili yetu na kilichobaki ni sisi kuzoea. Nilimtaja mwanafalsafa Descartes, aliyeandika mwaka 1641 kwamba angeweza kuutilia shaka mwili wake wote, lakini si akili ile inayotilia shaka. Nikamtaja Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliyeeleza mwaka 1988 jinsi akili ya mtu itakavyoweza kuhamishiwa katika mashine na nyama ikaachwa nyuma. Kisha nikajitaja mimi mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, ambaye shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020 zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022, alifundisha ngeli za nomino kwa jumbe za sauti, bila chaki, bila ubao, na mara nyingi bila suruali. Hoja yangu kubwa, hata hivyo, haikutoka kwa Descartes. Ilitoka kwa mama mkwe wangu.

Hapa inabidi niwaeleze wenzangu wa Tanga na Mombasa, ambao mama mkwe huwapakulia wali kwa mkono wake na kuwauliza mbona wamekonda. Mimi ni mtu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, niliyeoa kwa Waganda, yaani watu wa Buganda. Mama mkwe wangu ni mwenyeji wa Bugerere, ng'ambo ya Mto Nile, aliyeolewa na askari na kuishi miaka mingi katika kambi za jeshi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya wote. Ndiyo maana anakisema vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, na wakati mwingine kuliko mwalimu wao. Lakini kambi haikumwondolea mila za kwao. Kwa Waganda, mume wa binti na mama mkwe hawagusani, hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja; zamani hata kuonana uso kwa uso hawakuonana, na mama akipishana na mkwewe njiani alijifunika. Anayeuvunja mwiko huo, wazee husema, hupatwa na obuko, maradhi ya kutetemeka mikono na mwili mzima. Na neno hilohilo, obuko, ndilo linaloutaja ukwe wenyewe, kwa hiyo ukwe na ugonjwa wake vimelala kitanda kimoja.

Tangu nilipokwenda kujitambulisha kwao, miaka 9 sasa, mama yule na mimi tulikuwa hatujawahi kusemezana ana kwa ana. Nikiwa sebuleni, yeye yuko jikoni nyuma ya pazia, hatua nne kutoka kwangu, na husema kwa sauti inayosikika hadi kwa majirani, "Mwambieni mkwe wangu ale, asione haya." Nami hujibu, "Mwambieni Mama nimeshiba." Mke wangu, ambaye ndiye hutakiwa kuzipeleka habari hizo, aliacha kuzipeleka mwaka wa pili kwa sababu zilikuwa zinafika zenyewe.

Simu ndiyo iliyotuokoa. Wakati wa karantini ya mwaka 2020 alinipigia kuuliza namna ya kurudisha pesa zilizotumwa kwa namba isiyo yake, na tangu siku hiyo tumekuwa marafiki wa chanda na pete. Mwiko unahusu mwili, na sauti haina mwili. Katika simu hunitania, huniuliza bei ya mbolea, hunisimulia vituko vya majirani wa kambini wa zamani, na mara moja aliniimbia wimbo mzima wa kwaya ili nimtafutie maneno yake. Nikifika kwake anarudi kuwa pazia. Basi mnaona nilivyopata jeuri ya kuandika kwamba teknolojia ikiuondoa mwili, watu hupatana? Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa ukinipigia kila Jumatano jioni.

Jumapili ile tulikwenda Bugembe kula chakula cha mchana. Palikuwa na luwombo wa kuku, ule wa kupikwa ndani ya jani la mgomba, na mimi nilikula kama mtu asiye na akili wala mwili wa kuutunza. Baada ya chakula shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akatoa kwenye begi miwani ya uhalisia pepe aliyoazima kazini kwake Kampala. Yeye aliisoma ile makala yangu. Sasa nafahamu kwamba aliileta miwani ile kwa ajili yangu tu.

Kwa wasioijua, ni kama barakoa nene ya muogeleaji. Ndani yake kila jicho lina kioo chake chenye picha iliyopishana kidogo na ya jicho la pili, ndiyo maana unaona kina na umbali. Vitambuzi hufuata kila unavyogeuza kichwa na picha hugeuka nawe papo hapo. Nikaanza kuwahutubia watu wa sebuleni, maana mwalimu hata akishiba hufundisha. Nikawaambia kwamba mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza kifaa cha namna hii kilichokuwa kizito kiasi kwamba ilibidi kining'inizwe darini. Mzee, yaani baba mkwe wangu, akapunguza sauti ya redio, akanitazama kitambo, akauliza, "Na anayekivaa naye walimning'iniza?" Nikacheka. Leo nasema laiti wangemning'iniza, na laiti na mimi wangenining'iniza.

Kuna jambo nililokuwa nimelificha, nalo ni kwamba mimi naogopa mahali pa juu. Pale Jinja tuna daraja jipya la Mto Nile, lenye urefu wa mita 525, lililozinduliwa Oktoba 2018, na watu huja kulipiga picha. Mimi nikilivuka kwenye boda boda hufumba macho na kumwambia dereva kwamba vumbi limeniingia. Wazungu huja kwetu na kulipa pesa zao ili wafungwe kamba miguuni na kujirusha juu ya mto. Nimewahi kuwasindikiza wageni na kuwasubiri nikiwa nimekaa chini, nimeshika nyasi. Kwa hiyo shemeji alipotangaza kwamba mchezo wenyewe ni kutembea juu ya ubao uliotokeza nje ya ghorofa refu, mtu mwenye busara angetafuta sababu ya kwenda chooni. Lakini ningefanyaje? Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba mwili ni koti.

Shemeji akasogeza viti, akachora kwenye programu mpaka wa eneo salama, kisha akatoka nje na kurudi na ubao wa kweli, uliobaki walipotengeneza banda la kuku. Akaulaza sakafuni. Chini ya ncha moja akaweka gunia lililokunjwa ili ubao unesenese kidogo, jambo ambalo hakunieleza na ambalo namwekea kinyongo. Nimesimama mbele ya ubao miaka 14 bila kujua kwamba Mungu ananiandaa kusimama juu yake.

Nikavaa. Sebule ikatoweka. Viti, picha ya Mzee akiwa na sare, kalenda ya parokia, watoto waliokaa mkekani na majirani wawili waliosimama dirishani, vyote vikaondoka, nikajikuta peke yangu ndani ya lifti safi kuliko lifti yoyote niliyowahi kuipanda. Nikatazama chini nione miguu yangu, nikakuta sina miguu. Programu ile haimpi mtu mwili. Humpa mikono miwili tu inayoelea hewani kama glavu zilizompoteza mwenyewe. Nawaambia kweli, nilifurahi. Nilifurahi hata nikasema kwa sauti ya mhubiri, na video imeinasa vizuri, "Mnaona? Mwili haupo!"

Hapa niweke jambo nililolijua baadaye kwa kuambiwa na mke wangu. Wakati huohuo mama mkwe alikuwa jikoni ameshika sinia yenye chupa ya chai na vikombe vya Mzee, akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mkwe yuko wapi?" Shemeji akamjibu, "Mama, mkwe hayupo. Yuko Amerika, juu ya ghorofa." Mama akafunua pazia kidogo, akaona mwanamume amezibwa macho na masikio, anapapasa hewa. Akapiga hesabu zake. Mtu huyu hanioni, hanisikii, mwenyewe ametangaza kwamba mwili wake haupo, basi mwiko uko wapi? Akatoka na sinia. Kwa hiyo nisipofikiri vizuri, nitamlaumu mama wa miaka 70 kwa kuamini makala yangu kuliko nilivyoiamini mimi.

Mlango wa lifti ukafunguka.

Ndugu zangu, chini kulikuwa na mji. Magari yalikuwa kama punje za mtama. Upepo ulivuma masikioni, ndege akapita chini yangu, na tafadhali lifikirini neno hilo, chini yangu. Mbele palikuwa na ubao mmoja usioshikiliwa na kitu. Kutoka mbali sana, kama kutoka mbinguni, nikaisikia sauti ya shemeji ikisema, "Kanyaga, Shemeji, hapo ni sebuleni tu." Nililijua hilo. Kama ungeniletea mtihani wa maandishi ningepata alama zote: niko Bugembe, nimekanyaga sakafu ya saruji, ubao una unene wa vidole viwili. Lakini magoti yangu hayakuwa yamesoma. Mgongo ulitoka jasho, viganja vikalowa, na tumbo, ambalo kwa mujibu wa makala yangu nilikuwa nimeliacha, likajikunja pamoja na luwombo wote.

Nikaweka mguu wa kwanza, na ubao ulikuwepo kweli. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa kuwa mtu unaweza kuyabishia macho yako, lakini macho na nyayo zikitoa ushahidi mmoja utabishana na nani? Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walionyesha kwamba ukiuficha mkono wa mtu, ukaweka mkono wa mpira mbele yake, kisha ukaipapasa yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja, baada ya muda mtu huanza kuhisi kwamba mkono wa mpira ndio wake. Nimewahi kulifundisha jambo hilo. Nililifundisha kwa madaha. Sikujua kwamba ubongo uliokubali mkono wa mpira utakubali pia ghorofa la mpira, mji wa mpira na kifo cha mpira.

Mguu wa pili. Ubao ukanesa. Kilo zangu ni 97, na gunia lile lilikuwa jipya.

Nikasimama, mikono nimeitandaza kama kunguru anayeanika mbawa. Katika kusimama huko ikanijia harufu ya mchaichai. Miwani ile huziba macho, na spika zake huziba masikio, lakini pua haina habari nayo. Pua yangu ilikuwa bado inaishi Bugembe. Nikajiuliza, huku nikiwa nimeyakaza meno, ni nani anayepika chai ya mchaichai huku juu. Harufu ikakaribia. Ikapita upande wa kushoto. Nami, kwa ule ujinga wa mwili unaofuata pua, nikageuza kichwa upande huo, mji wote ukageuka nami, ndege yule akapita tena, ubao ukanesa mara ya pili, nikaenda.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mikono ilitapatapa ikakamata kitu. Macho yangu yaliona kwamba nimekamata hewa tupu, mbingu ya buluu, kimo cha kuua. Viganja vyangu vilisema vimekamata kitambaa cha hariri. Nikakivuta. Chini ya hariri palikuwa na mshipi mpana uliofungwa fundo mbele, na chini ya mshipi palikuwa na mtu. Mtu anayezama hupanda, hilo si kosa langu, ndivyo Mungu alivyomuumba, kwa hiyo mikono ikaachia mshipi na kupanda juu zaidi, ikafika mabegani, na mabegani ikakuta ncha mbili zilizosimama.

Kila anayeishi Uganda amekwisha kuelewa. Hakuna vazi jingine katika dunia hii lenye mabega yaliyosimama namna ile. Ni gomesi, vazi la heshima la wanawake wa kwetu. Na mke wangu siku hiyo alivaa sketi, jirani wa kike alikuwa dirishani, na katika nyumba ile mtu mwenye gomesi alikuwa mmoja tu.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo video inaponidhulumu. Mtazamaji anaona mtu aliyemkumbatia mama mkwe wake na hamwachi, naye anadhani yule mtu hajui. Nilijua! Nilijua vizuri kabisa, nilijua hata kabla sijafika bega la pili. Lakini chini yangu kulikuwa na mji, na kumwachia mama mkwe kulikuwa na maana moja tu, kuanguka ghorofa zote zile hadi kwenye punje za mtama. Akili iliyoandika makala iliamrisha, "Achia." Mikono ikamjibu kwa adabu kwamba haijapokea agizo hilo kwa maandishi. Nimehesabu kwenye video: nilimshikilia sekunde 11. Hesabu wewe mwenyewe, polepole, ukiwa na picha hiyo mbele yako, moja mpaka kumi na moja.

Katika sekunde ya nne nilipiga kelele, "Mama!" Hata leo sijui nilikuwa namwita nani, yeye au yule aliyenizaa aliyeko Arua.

Katika sekunde ya sita mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza katika miaka 9, alinisemesha mimi mwenyewe, bila pazia, bila mjumbe, bila mtandao. Alisema, "Mkwe. Niachie. Chai inamwagika."

Nami nikamjibu kutoka ghorofani, kwa heshima zote, "Siwezi, Mama. Nitaanguka."

Nikasikia Mzee akisema "Lahaula" kwa sauti ya mtu aliyeona vita. Yeye ni Mkatoliki.

Kisha tukaenda chini. Sinia ilitangulia, mimi nikafuata kwa magoti juu ya ubao wa banda la kuku, na ndiyo maana hadi leo napanda ngazi za shule kinyumenyume. Mama alibaki amesimama nusu, mkono mmoja umeshika kiti, nami nikiwa bado nimeshika bega moja kama abiria aliyeshika bomba la teksi. Miwani ikapinda usoni. Jicho la kulia likabaki ghorofani; jicho la kushoto likatoka nje, likarudi Bugembe, na jambo la kwanza lililoliona ni uso wa mama mkwe wangu, umbali wa shibiri moja. Ana kidoti kidogo chini ya jicho. Miaka 9 sikujua. Tukatazamana, yeye kwa macho mawili na mimi kwa moja, huku lile jingine likimtazama ndege.

Akaiokota sinia, akajifunika uso nayo, akarudi jikoni taratibu kama askari anayeondoka uwanjani bila kukimbia.

Yaliyofuata hayana utamu, nitayapitia haraka. Nilivuliwa miwani, nikahisi kichefuchefu kikali, kwa sababu macho yalikuwa yamesema mwili unakwenda na sikio la ndani likasema haukwenda popote. Mtafiti Michel Treisman alieleza mwaka 1977 kwamba ubongo ukipata ushahidi wa namna hiyo hudhani mtu amekula sumu, ndipo huamuru atapike. Nilijizuia kwa nguvu zote, maana kuutapika luwombo wa mama mkwe sebuleni kwake baada ya yale mengine kungegharimu ng'ombe. Kisha nikaanza kutetemeka. Mikono, magoti, hata kidevu. Nikawaeleza kwamba ni homoni za hofu na zitatulia. Watu wote wakaitazama mikono yangu, wakatazamana, na ssenga wa mke wangu, yaani shangazi yake, ambaye hakuna aliyejua alivyofika haraka hivyo kutoka Iganga, akatamka neno moja tu: "Obuko." Mimi, msomaji wa Descartes, nilikuwa nimekwisha kununua mbuzi kabla hawajamaliza kunitajia rangi. Gomesi mpya niliilipa Jumanne kwa simu. Kutetemeka kuliisha Jumatatu usiku, na msiniulize kama ni homoni au ni mbuzi, kwa kuwa mbuzi alifika Bugembe Jumatatu jioni.

Video shemeji aliiweka katika kundi la familia "ili watu wa mbali nao waone", na kutoka hapo ikapata miguu ambayo mimi kule ghorofani sikuwa nayo. Mwalimu mwenzangu ameiwekea ngoma. Wanafunzi wa kidato cha pili, nikiwaomba wataje mfano wa kitenzi cha kutendana, wanasema kwa sauti moja, "Kukumbatiana."

Kilichoniuma kuliko yote ni Jumatano. Jumatano ilipita bila simu, na ya pili ikapita. Nilikaa nimeishika ile simu jioni nzima, nikaandika ujumbe wa kuomba radhi, nikaufuta, nikarekodi wa sauti, nikaufuta, kwa sababu kila nikitaka kusema neno nilikuwa naona kile kidoti. Sauti yake ilikuwa imekwisha kupata uso.

Jana, kabla ya magharibi, ukaingia ujumbe wa sauti wa sekunde 14. Niliuweka mezani dakika kumi kabla ya kuufungua. Mwanzoni kuna kuku, kisha mlango unafungwa, kisha sauti yake, ya chini, kama ya mtu asiyetaka Mzee asikie.

"Mkwe. Kaka yake mkeo anasema Jumamosi ataleta tena ile miwani. Hivi ule ubao, mtu akiufikisha mwisho, kuna nini? Wewe usije."

Jumamosi nitakuwa Arua.